Mikono Mitano

Jina la Mshirikishi alipewa na Mama Pasi siku ya pili tu tangu kijana aanze kazi, na kufikia mwisho wa wiki hospitali nzima ilikuwa imeshalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtoto wa dada yake, tumbo moja. Mama Pasi alimwogesha akiwa hana jino hata moja, na aliona kwamba kazi ile ilimpa haki ya kumdharau kuliko mtu mwingine yeyote.

Mashuka yote ya hospitali yalipita kwenye chumba chao cha dobi. Mzee wa toroli aliyaleta, fundi wa mashine aliyafua, wanawake wawili waliyakunja, na Mama Pasi aliyanyoosha kwa miaka ishirini na mitatu, mpaka kidole gumba chake kikapinda kufuata mpini wa pasi. Wa sita alikuwa mwanamke waliyemwita Kimya. Yeye alikaa mlangoni na pipa la maji baridi, akiloweka nguo zilizotoka chumba cha upasuaji kabla hazijaguswa na mashine. Asubuhi, bila kuambiwa na mtu, alimsogezea Mama Pasi kigoda cha kupumzishia goti. Hakuwahi kungoja kushukuriwa, na mara nyingi hakushukuriwa.

Mkuu wa zamani alipostaafu, kila mtu alijua nani angekalia kiti chake. Kikaletewa mtoto wa dada, na cheti.

Kijana aliwekwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Ili athibitishwe, alitakiwa ampelekee matroni ukurasa mmoja wa jinsi anavyokusudia kuongoza watu. Akachukua karatasi kubwa, akaibandika ukutani juu ya kikapu cha soksi, na kichwa chake kikasomeka: Falsafa Yangu ya Uongozi Shirikishi. Kila asubuhi aliongeza mstari. Kila asubuhi pia alipanga viti duara na kuwaambia kwamba duara halina mbele wala nyuma, wote wako sawa. Mama Pasi aligundua mapema kwamba kwenye duara hilo lisilo na mbele, kiti cha kijana kilikuwa daima kile kilicho chini ya feni.

Mikutano yenyewe ilikuwa kichekesho. Alikuja na uamuzi umekunjwa kwenye mfuko wa shati, kisha akawauliza maoni yao, akawauliza tena, akayageuza na kuyasukuma mpaka yakafanana na kile kilichokuwa mfukoni. Halafu aliwashukuru kwa mchango wao. Mama Pasi alikuwa akirudi kwenye meza yake na kuwaigizia wakunjaji, "Nashukuru kwa mchango wenu, wenzangu," kwa sauti ya puani, nao wakicheka mpaka shuka zikawaponyoka. Ni kweli kijana aliuliza habari za wagonjwa wa kila mtu, na alimnunulia Kimya mafuta ya kupaka mikono iliyopasuka kwa maji. Hilo Mama Pasi aliliona. Aliamua kuliita ujanja.

Basi asubuhi moja likaja jambo la pipa. Kijana alieleza kwamba pipa linazuia njia ya toroli na kuchelewesha kazi kwa saa mbili. Mashine ina maji ya moto sana, akasema, na maji ya moto hayashindwi na uchafu. Alipendekeza pipa liondolewe na Kimya asaidie kupakia mashine. Wenzake wanaonaje?

Mama Pasi alijua vizuri kabisa wangeona nini. Damu ikikutana na maji ya moto inapikwa ndani ya uzi, na ikishapikwa hata uisugue vipi haitoki. Alilijua hilo kabla kijana huyu hajazaliwa. Akatazama ile shingo yake safi, ile kalamu mfukoni, na moyoni akasema, mwache. Mwache aunguze mara moja, wote waone walichotuletea.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Kimya, ambaye miezi miwili mizima hakuwa amesema neno katika duara. "Mimi naona damu," akaanza polepole, "damu ina—"

"Tupige kura tumalize," Mama Pasi akamkata. "Pasi zangu zinapoa."

Akanyoosha mkono wake juu. Wakunjaji wakamtazama, wakanyoosha. Fundi wa mashine akamtazama, akanyoosha. Mzee wa toroli, ambaye alikuwa anasinzia, alinyoosha baada ya kuguswa kiwiko. Mikono mitano. Kimya aliiweka yake mapajani. Mshirikishi akawashukuru kwa mchango wao.

Siku iliyofuata mashuka arobaini ya upasuaji yalitoka kwenye mashine yakiwa na madoa ya kahawia kama ramani. Yakafuliwa tena, yakatiwa dawa, na madoa yakabaki palepale. Chumba cha upasuaji kikayakataa, na wagonjwa wawili waliokuwa wameshafunga kula tangu usiku wakaambiwa wangoje kesho. Mama Pasi alikuwa ameingoja siku hii kama harusi. Alipomwona kijana amesimama katikati ya mashuka na mikono imemlegea, alipata raha yake, ikadumu kama robo saa.

Kisha wakaitwa ofisini kwa matroni, yeye, kijana na Kimya.

Matroni hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na fomu moja mezani na daftari la mashine. Kijana akaanza kueleza kwamba ulikuwa uamuzi wa pamoja, kwamba walijadiliana, kwamba sote tulikubali. Mama Pasi akafikiri hajapata kuona mwanamume mzima akijificha nyuma ya neno dogo kama "sote".

"Sote hawaingii kwenye fomu," matroni alisema. "Nafasi ya jina ni moja. Nani alipakia?"

Daftari lilikuwa na saini ya Kimya. Zilikuwa herufi tatu zilizoandikwa kwa taabu na kalamu aliyopewa na kijana asubuhi hiyohiyo. Kimya hakujitetea. Alisema ndiyo, ni yake, akaitazama mikono yake. Mume wake alikuwa mwaka wa pili hajainuka kitandani, na mshahara wa pipa ndio uliokuwa unawalisha. Kila aliyekuwa mle ndani alilijua hilo. Matroni akafungua kalamu, na haikuonekana kama anafurahia.

Mama Pasi akamngoja kijana aseme. Kijana akarekebisha kalamu yake mfukoni. Hapo ndipo Mama Pasi akakumbuka yale macho ya kwenye duara. Hakuna aliyemtazama Mshirikishi kabla ya kunyoosha mkono, wote walimtazama yeye. Kiti alichokililia miezi miwili alikuwa amekikalia muda wote, na tazama alivyokitumia.

"Andika mimi," akasema.

Matroni akainua uso.

"Nilijua damu ingepikika. Huyu dada alitaka kusema, nikamziba mdomo. Wengine walinifuata mimi."

Kimya alitolewa kwenye fomu. Mama Pasi akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu, na kijana akaongezewa miezi mitatu ya majaribio. Pipa likaamriwa lirudi mahali pake.

Kwenye ngazi kijana alimfikia, macho mekundu.

"Mama mdogo, ulijua. Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu nilikudharau, mwanangu. Na bado nakudharau kidogo. Ulikuja na jibu mfukoni."

"Ni kweli," kijana akasema. Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Lakini niliuliza."

Mama Pasi akayapima maneno hayo huku akishuka ngazi. Kijana aliuliza vibaya, aliuliza kama mtu anayesoma tangazo, lakini aliuliza, na yeye mwenye kujua alikuwa amekaa hapohapo, sauti anayo.

Asubuhi iliyofuata viti vilipangwa. Kijana alikuja bila kitu mfukoni na hakujua aanze wapi. Wote wakamgeukia Mama Pasi. Yeye akatazama sakafu na kusema kwamba leo ataanza aliyeishika kazi kwa mikono, na kwamba yeye atasema wa mwisho, hata pasi zigande.

Kimya akaanza. Alisema kuhusu damu, vizuri, kwa maneno machache. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkata, akaendelea. Akasema kuhusu sabuni, na mlango unaoingiza vumbi, na jinsi fundi anavyojaza mashine kupita kiasi. Akasema jambo moja kuhusu chumvi ambalo Mama Pasi alijua fika kwamba ni upuuzi mtupu. Mzee wa toroli akapiga miayo. Wakunjaji walimwangalia Mama Pasi, wakingoja ile sauti ya puani.

Ulimi ulimwasha. Akasogeza goti lake.

"Halafu?" akasema.