Ukurasa wa 213

Mkuu wa maktaba yetu alirudi kutoka semina na fomu. Kila riwaya ya kale iandikiwe ukurasa ambamo furaha inapatikana, ili msomaji mwenye haraka aende moja kwa moja. Mimi, fundi wa vitabu vilivyochanika, nikapewa rafu nzima na siku tano. Nikishindwa, meza yangu iondolewe, nami nikakae mlangoni kupokea mikoba. Miaka ishirini na sita na gundi, halafu mikoba! Nilikasirika hadi chai ikanipalia.

Nikasoma. Jamani, watu wa vitabuni! Mmoja alivuka milima mitatu kuifuata furaha, akaambiwa imetoka sasa hivi. Bibi mmoja alipata mume, nyumba na bustani, akaanza kupiga miayo. Wengine wawili walioana ukurasa wa mwisho kabisa, na mwandishi, mjanja yule, akafunga kitabu kabla hawajagombania blanketi. Siku ya tano fomu ilikuwa na mstari mmoja tu: riwaya ya fundi saa, ukurasa wa 213.

Mkuu akaja mezani. "Rafu nzima, furaha moja?"

"Ndiyo, bosi. Fundi saa anarudi, mkewe anamfungulia mlango."

"Hiyo naijua," akasema, sauti ikalegea. "Mama watoto nilimchumbia wiki niliyoisoma. Kitabu hikihiki."

Akakifungua, akapapasa ukurasa. Nikajua yamenifika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwaga gundi kupita kiasi, karatasi mbili zikashikana, nami nikafyata mkia. Tangu hapo, mlango ukifunguliwa ukurasa wa 213, watu wako karamuni ukurasa wa 216, na hakuna msomaji aliyewahi kulalamika.

"Hapa pana karatasi mbili," akasema. "Katikati kuna nini?"

"Kurasa mbili, bosi. Nilizisoma kabla sijaziharibu. Nizibandue? Mvuke wa birika unatosha."

Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Herufi za ndani zikaanza kuonekana, zimepandiana. Akaishusha haraka. Kidole chake kikachezea pembe ya chini, iliyokuwa imeanza kuachia.

"Meza yako ibaki," akasema mwishowe. "Na hapa pembeni, fundi, ongeza gundi."