Mkono wa Idi

Mwaisha alikuwa akikata vitunguu jikoni kwake Utrecht, Uholanzi, jioni ya kuamkia Idi ndogo, mdogo wake Luqmani alipopiga simu kutoka Mlali.

"Dada, na mwaka huu hatuuoni mkono wa Idi?"

Luqmani ana ndevu na watoto wawili, lakini kila Idi huomba zawadi kama vitoto vinavyopita nyumba kwa nyumba. Salamu alikuwa bado hajatoa.

"Nautuma," Mwaisha alimjibu, akakata simu.

Asubuhi mkono wake wa kulia haukuwepo. Ulikuwa Mlali, ukumbini kwa mama yake, Bi Shamsia, pembeni mwa kandambili. Waliutambua kwa pete. Luqmani aliugeuza kiganja juu, akakuta hamna kitu.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema, akaenda zake kuswali.

"Afadhali umekuja," Bi Shamsia aliuambia. "Mchele haujachaguliwa."

Mwaisha alikwenda kazini akiwa amekunja shati upande mmoja. Msimamizi wake alimwambia atumie mkono wa kushoto. Kutwa nzima alihisi kila kilichopita vidoleni kule Mlali: chenga za mchele, maganda ya vitunguu saumu, majivu ya kusugulia sufuria. Alichokuwa akingoja ni kiganja cha mama yake, chenye kovu la kisu chini ya kidole gumba. Angekitambua hata usingizini. Wageni walikuja na kupeana mikono yote iliyokuwepo isipokuwa huo, kwa kuwa ulikuwa na masizi. Luqmani na wadogo zake wawili walikaa ukumbini na kanzu zao, wakiuliza pilau imefikia wapi.

Mkono ulirudi jioni ukinuka bizari, vidole vimekunjamana kwa maji. Mama hakuushika. Mwaisha alikereka sana, akaiambia friji maneno ambayo hangeweza kumwambia mama yake. Luqmani alikuwa ametuma ujumbe wa sauti: "Dada, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Idi ya kuchinja tuma yote miwili."

Alituma yote miwili. Aliona mmoja ukishikwa na kazi, wa pili huenda ukashikwa na mama.

Siku hiyo ya Idi kubwa, mikono yote miwili ilikuwa uani Mlali ikisafisha utumbo wa ng'ombe. Mwaisha alikuwa amekaa kitandani Utrecht, ameinamia kipande cha keki alichokuwa akila kwa mdomo tu, simu ilipoita pale pembeni. Kiooni ilitokea picha ya mama yake. Alijaribu kupokea kwa kidevu. Simu iliteleza, ikaangukia uvunguni, ikaendelea kuita huko mpaka ikachoka.

"Hapokei," Bi Shamsia alisema uani. "Nilitaka tu nimsikie sauti."

"Ulaya imeshamsahaulisha," Luqmani alisema, akichokonoa meno.

"Mtoto hata siku ya Idi."

Luqmani alisema watu wanabadilika, akauliza kama ini limeiva. Bi Shamsia alimwambia bado. Alilia kidogo, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akaisogezea mikono sufuria la pili.