Buluu Isiyotoka

Ngoma zilikuwa zimeshapamba moto gari la afya la serikali lilipoingia uwanja wa shule. Lilikuja kila mwaka kupima watoto wa kijiji, ila safari hii liliangukia sikukuu ya kuzaliwa kwa mungu Krishna. Watoto wa chekechea walikuwa wameshavalishwa, na chungu cha maziwa ya mgando kilining'inia juu kikingoja kupasuliwa.

Krishna wa mwaka huu, yaani mtoto wa kumwigiza mungu huyo na kupandishwa akavunje chungu, alikuwa Ketaki, mjukuu wa Bibi Bhagirathi. Walimpaka rangi ya buluu toka utosini hadi kwenye kucha, kama mungu mwenyewe alivyo pichani. Tangu azaliwe midomo yake ilikuwa na ubuluu kwa mbali, na majirani husema mtoto huyo amebarikiwa. Bibi aliitikia na kumshukuru Mungu. Lakini aliona na jingine: wenzake wakikimbizana, Ketaki huchuchumaa katikati ya mchezo, akitweta, mpaka pumzi imrudie.

Daktari Nilofar alimpima uzito, akamwekea kifaa cha kusikilizia moyo kifuani, akakunja uso.

"Kwa ngoma hizi sisikii hata moyo wangu! Anaonekana mzima. Haya, anayefuata!"

Bibi akashusha pumzi. Hawajafika mbali, Ketaki akachuchumaa.

"Bibi, ngoja kidogo."

Ndipo bibi akang'amua. Daktari hajaiona midomo ya mtoto; ameona rangi tu! Na wauguzi walikuwa wanafungasha vitu, gari likiondoka ni mpaka mwakani.

Akambeba mtoto mbio hadi kwenye pampu ya maji, akaanza kumsugua kwa sabuni.

"Bibi! Umerukwa na akili?" Pandurang mpiga ngoma akapiga kelele. "Unamwogesha Krishna na chungu hakijavunjwa?"

"Nyamaza, Pandurang! Njoo upampu maji, au nawe nikuogeshe hapa hapa!"

Watu wakaangua kicheko, na Pandurang akapampu. Rangi ikamiminika chini. Ikatoka mashavuni, ikatoka mikononi, mtoto akawa mweusi wake wa siku zote. Bibi akasugua kucha. Akasugua midomo. Akasugua tena.

"Hiyo haitoki," Pandurang akasema taratibu, na kicheko kikakatika.

Gari lilishawashwa. Bibi akasimama mbele yake, amempakata Ketaki anayechuruzika maji.

"Binti yangu, tazama! Nimeosha, nimeosha!"

Daktari akaruka chini. Akatazama midomo, akashika vidole, akageuka. "Ngoma! Nyamazisheni ngoma!"

Uwanja mzima ukanyamaza, hata watoto. Daktari akasikiliza, akahamisha kifaa, akasikiliza tena. Bibi aliomba kimoyomoyo, jina lile lile la Krishna, bila kupumzika.

"Moyo una tundu, mama."

"Atakufa?"

"Hafi! Tundu linazibwa. Hospitali ya wilaya watampima vizuri, kisha atapasuliwa, na serikali ndiyo inayolipa. Ningempita, Mungu anisamehe. Mtakuja lini?"

"Lini?" Bibi alishafungua mlango wa gari. "Sogeza hayo masanduku, mwanangu, tukae."

"Na chungu je?" mtu akauliza nyuma.

"Mpandisheni Pandurang!" bibi akajibu, akimfunika mjukuu wake kwa ncha ya sari. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, na Ketaki, ambaye hakuwahi kupanda gari, akauliza kama atakaa dirishani.