Imekutwa Nzima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kasiani alikuwa juu ya nguzo ya arobaini na moja, vyuma vya kupandia vimemkaza miguu, simu ya kupimia imebanwa kati ya sikio na bega. Umande ulitiririka kwenye waya ukamwingia ndani ya mkono wa shati. Sikioni mlikuwa na mkwaruzo mtupu, kama maandazi yanayokaangwa.

"Vipi, Mzee Kasiani?" aliuliza Sista Jovina kutoka chini. Alikuwa mkunga wa zahanati ya pale Pugu, na laini ya zahanati ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

"Bado inakaanga, Sista."

Mahali waya ulipooza alipajua. Waya ulikuwa wa zamani, umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Jua likiwaka kiungo kilikauka, laini ikatulia. Umande au mvua ikiingia, kelele ikaanza. Enzi za nyuma haikuwa hoja: msichana wa kituo cha simu mjini alisema "rudia, sisikii," nawe ukarudia mpaka akakusikia. Lakini tangu Kampuni mpya ya simu ipewe laini za pembezoni, simu zote za Pugu zilipita kwanza kwenye kompyuta iliyofungiwa chumbani karibu na stesheni, ndipo zikaenda mjini kwa njia ya intaneti. Kompyuta haijui kusema rudia. Mtu akinyamaza inafunga njia, akianza kusema inafungua. Laini ikiwa na mkwaruzo ilishindwa kujua ipi kelele na ipi sauti, ikachelewa kufungua, na mwanzo wa neno ukabaki Pugu.

Na Kiswahili, bahati mbaya, hukanusha mwanzoni mwa neno. Mwezi uliopita Jovina alipiga simu mjini kusema, "Hazijafika," yaani dawa. Mjini wakasikia "fika", wakaandika zimefika, na zahanati ikakaa wiki tatu kabati tupu. Alicheka siku ile, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mtambo wenu huu, Mzee, unakula vichwa."

Kasiani hakucheka. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa laini, kisha akapunguzwa kazini, akapigwa redundansi, kwa barua ya mistari minne, na sasa alikuwa kibarua wa Kampuni kwa mkataba wa mwezi mwezi. Mara tano aliandika kuomba waya mpya. Alipoandika mara ya sita, injinia alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee," alisema Brightson akishuka garini. Adabu alikuwa nayo, huwezi kumnyima. Ilikuwa saa saba mchana, jua linachoma utosi. Alichomeka kipimo chake, akapiga mjini, akasikiliza. "Safi kabisa. Ishu iko wapi?"

"Njoo saa kumi na mbili asubuhi, injinia, umande haujakauka."

"Ofisi inafunguliwa saa mbili, Mzee. Gari linatoka saa nne."

"Basi njoo siku ya mvua."

Brightson alitabasamu, akafungua jalada. "Umeandika hapa waya umeoza. Waya upi?"

"Huo hapo juu."

"Huo mpya. Umefungwa mwaka jana na mradi. Karatasi ninazo, na wafadhili wameshasaini."

"Huo niliuvuta mie kwa mikono hii, mwaka sabini na nane."

Injinia alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mzee wangu. Waya mpya hauozi. Ukisema umeoza, unasema kuna mtu kaula. Unamjua? Uko tayari kumtaja?"

Nyumbani Kasiani alikuwa na wajukuu wanne walioachwa na marehemu binti yake, na hakuna kati yao aliyekula ukweli akashiba.

"Mkataba wako unaisha Ijumaa. Nakuheshimu, ndiyo maana nakwambia. Andika kama wanavyoandika wenzio."

Fomu ilikuwa na nafasi mbili za kuweka alama. Ya kwanza ilisema *Imetengenezwa*. Ya pili ilisema *Imekutwa nzima*. Ya tatu haikuwepo. Kasiani aliweka alama kwenye ya pili, akasaini. Haya ilimshika hata akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, asipite mbele ya zahanati.

Ijumaa mkataba wake uliongezwa mwezi, na Jumanne iliyofuata mvua ya masika ilianza alfajiri. Saa moja Jovina alikuwa mlangoni kwa Kasiani, amelowa chapachapa, gauni jeupe limemganda mwilini.

"Mzee, njoo na vyuma vyako. Nina mzazi, Mwamvita wa Bi Hija, mimba yake ya kwanza. Mtoto kalala kiubavu, mkono umetangulia. Hapa simuwezi. Asipofika hospitali kupasuliwa, nawapoteza wote wawili."

"Mjini wanajua?"

"Jana jioni laini ilikuwa nzuri, nikawaambia kaanza uchungu, wakae tayari. Leo nikipiga inakatika tu."

Walipita zahanati. Barazani alisimama Bi Hija, mama yake Mwamvita, khanga moja kiunoni, ya pili begani. Ndani binti yake alikuwa anaita, "Mama, mama," kwa sauti iliyoanza kuishiwa. Kasiani aliomba kitambaa kikavu. Bi Hija alivua ile ya begani, akaikunja, akaiweka mikononi mwake bila kuuliza ya nini.

Akapanda. Nguzo ilikuwa inateleza, mara mbili vyuma vikamponyoka. Alipofika juu alikikausha kiungo, akakizungushia khanga, akafunga fundo, akakikumbatia kwa mikono yote miwili na kukiinamia kwa kifua, mvua impige yeye. Simu ya kupimia aliibana begani. Mkwaruzo ulipungua.

"Sista! Piga sasa!" aliita kuelekea dirisha la zahanati.

Mlio ulikwenda. Upande wa mjini ukapokelewa. "Magari ya wagonjwa, Jabiri hapa. Pugu? Vipi yule mzazi wenu wa jana?"

"Hajajifungua!" Jovina alipaza sauti.

Kwenye waya Kasiani alilisikia neno zima. Kisha kimya kidogo, kile kimya cha kompyuta, na Jabiri akarudi na furaha yake.

"Kajifungua? Alhamdulillahi! Hongereni sana, Sista. Basi gari naliachia liende Mbagala, wanalililia tangu alfajiri."

Jovina alikuwa anapiga kelele, lakini Jabiri alikuwa anasema, na anaposema mmoja njia ya mwingine hufungwa. Kasiani aliachia kiungo kwa mkono mmoja, akaishika simu. "Bado! Jabiri, bado! Bado!" Maji yakaingia. Laini ikakaanga, ikakohoa, ikakatika.

Walijaribu tena na tena mpaka vidole vya Kasiani vikafa ganzi. Watu walikimbia kwenye machimbo ya jirani kutafuta lori. Lori likapatikana, likazama kwenye tope la mteremko kabla ya kufika. Mtoto alitangulia kufariki. Mwamvita alimfuata saa nne na nusu.

Saa saba jua lilitoka. Brightson alikuja na gari, anakagua laini baada ya mvua. Kasiani alikuwa amepanda tena, kwa nini hasa hata yeye hakujua. Labda alitaka tu kuwa mahali ambapo hatomwona Bi Hija.

"Shikamoo, Mzee! Kazi mpaka jua kali!" Brightson alichomeka kipimo chini ya nguzo, akapiga mjini, spika wazi. Sauti ilitoka safi, haina doa.

"Pugu! Leo mnasikika vizuri ajabu," alisema Jabiri. "Mama na mtoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa," alijibu Brightson, maana salamu hujibiwa hivyo, akakata. Kisha akaweka fomu juu ya boneti na kuanza kuijaza.

Bi Hija alikuja taratibu kwa njia ya majani, khanga moja tu mwilini. Gari hakulitazama. Alisimama chini ya nguzo, akainua uso.

"Fundi. Nishushie khanga yangu. Shuka la zahanati fupi, limemwishia mwanangu magotini."

"Naam, mama. Sasa hivi."

Brightson aliinua fomu juu kadiri mkono wake ulivyofika, kalamu imebanwa kwenye karatasi. Alama alishaiweka. "Njoo usaini kwanza, Mzee, nina laini nyingine tatu."

Kasiani alishika fundo. Lilikuwa limekaza kwa maji, na vidole vyake havikuweza kulifungua.