Umbali wa Kuti Moja

Chai ilimwagikia mkekani, kando kabisa ya kikombe. Kalama aliinua chupa upesi, akageuka kuona kama ameonekana. Shemegi yake Mangi alikuwa akimtazama.

"Siku hizi unaunywesha mkeka," Mangi alisema. "Au ni uzee umebisha hodi?"

"Mkono haujaamka."

Walikuwa nyuma ya nyumba za wageni huko Diani, ambako Kalama huitwa kila baada ya miezi mitatu kuangua nazi zisije zikawaangukia watu. Kalama hukwea, Mangi, ndugu wa mkewe, hukusanya. Leo minazi ilikuwa minne, na wageni wangefika kesho.

Mwaka uliopita kipande cha karara, lile ganda gumu la shada la maua ya mnazi, kilimrukia jicho la kushoto. Jicho lile sasa liliona ukungu tu, wa rangi ya chai ya maziwa. Juma lililopita alikwenda kwa siri kwa daktari wa macho Msambweni, akaambiwa ni mtoto wa jicho. Hutolewa, ila baada ya hapo asikwee mpaka apone sawasawa. Daktari alimpa kalamu mbili azigusanishe ncha. Zilipishana.

"Kila jicho lina picha yake," daktari alimweleza, "na picha hizo mbili hazilingani. Tofauti yake ndiyo inayokuambia kitu kiko umbali gani. Wewe umebaki na picha moja."

Kalama hakumwambia mtu, hata mkewe. Mkwezi akishasemwa kuwa haoni, nani atamwita tena?

Chai ilipokwisha, alipanda mnazi wa kwanza. Vidato vya mnazi ule alivikata mwenyewe, na miguu ilivijua bila kutazama. Shida ilikuwa juu, pale vidato vinapokwisha na mtu hana budi kushika shina la kuti ajivute kileleni. Alinyoosha mkono wa kushoto. Vidole vilifumba, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Mwili uliufuata mkono. Mguu wa kulia ulichomoka kidatoni, kifua kikaparuza mti, na panga likamponyoka kiunoni. Alibaki amekumbatia mnazi kwa mkono mmoja, akisubiri kusikia ukelele wa Mangi. Alisikia chuma kikichoma mchanga.

"Shemegi?" aliita.

"Nipo. Panga limenipita hatua moja. Kama umenichoka, si ungesema tu?"

Kalama hakuweza kucheka. Alirudisha mguu kidatoni, akayatazama makuti tena. Yote yalikuwa bapa, kama yamechorwa ukutani pamoja na nazi na mbingu. Shina lile lilikuwa mbele ya pua yake, au mbali kuliko mkono? Hakujua. Mkono wa kulia ulianza kuchoka; asipopata pa kushika pengine, ungeachia.

Alisogeza kichwa kushoto, kisha kulia, polepole. Kuti moja lilikimbia mbele ya mengine. Jingine lilijongea kidogo tu. Akarudia. Lile lililokimbia ndilo lililokuwa karibu. Alilipelekea mgongo wa mkono, kidogo kidogo, mpaka ngozi ikagusa ubichi wake. Hapo ndipo alipolishika. Akapumua, akaupumzisha mkono wa kulia.

Alishuka bila kuangua hata nazi moja, kidole gumba cha mguu kikitafuta kila kidato kabla ya kukikanyaga.

Mangi alikuwa ameshika panga. "Ni jicho, siyo?"

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kushuka kizingiti cha mlangoni kwako kama mtu anayepima kina cha maji."

"Na ukanyamaza."

"Nilingoja useme wewe. Nilikosea. Leo ningekwenda kumwambia nini dada yangu?"

Beryl, msimamizi wa nyumba zile, alikuja akiangalia simu. "Wazee, mbona sioni nazi? Kesho tuko full."

"Mgongo umemshika," Mangi alidakia.

Kalama alimtazama Mangi, kisha akaitazama minazi ile mitatu ambayo hajaigusa.

"Si mgongo," alisema. "Jicho langu la kushoto halioni. Juu pale nimeshika hewa, na panga nusura limpate huyu. Sitakwea tena mpaka nitibiwe."

Beryl aliutazama mti kutoka chini hadi juu. "Kwa hivyo nitafute mtu mwingine."

"Mtafute leo. Mwambie kwenye mti ule wa mwisho kuna kuti upande wa bahari, ukilitazama ni kijani, lakini kwenye shina limeoza. Asilishike."

"Na wewe ukipona?"

"Nikipona nitakuja. Ni lini, sijui."

Beryl aliitikia kwa kichwa, akaenda akipiga simu.

Waliketi tena mkekani. Kifua cha Kalama kilikuwa kikiwaka pale kilipochunika. Alichukua chupa ya chai, lakini Mangi alitangulia kunyoosha kikombe chake, amekishika mkononi.

"Nimiminie."

"Ni ya moto, Mangi."

"Najua."

Kalama aliusogeza mdomo wa chupa taratibu mpaka akausikia ukigonga ukingo wa kikombe. Akaulaza pale pale, ndipo akamimina. Mangi hakuutikisa mkono.