Sauti ya Griffin

Najib alikuwa fundi umeme wa kreni katika yadi moja ya makontena huko Changamwe, lakini ukimuuliza mwenyewe angekwambia yeye ni mtu wa kamera. Mshahara wa yadi uliendesha nyumba yake ya Junda; siku zake za mapumziko ziliishia kwenye filamu aliyokuwa akiitengeneza kuhusu waendeshaji kreni. Mkewe, Nadira, alishazoea kumkuta sebuleni na hedifoni masikioni, akikata sauti na kuziunga, chai imepoa kando.

Aliyempenda zaidi katika filamu hiyo ni Griffin, mtu wa Bungoma aliyekuwa akiimba peke yake ndani ya kreni. Asubuhi moja Najib alimbania maikrofoni ndogo isiyo na waya kwenye ukosi wa shati.

"Imba kana kwamba sipo," alimwambia.

Griffin akacheka, akapanda.

Kabla ya adhuhuri kreni ilipinduka na Griffin ndani. Alipotolewa hakuwa hai tena.

Yadi ikasema alikuwa amelewa. Najib aliposikiliza rekodi alimsikia Griffin akiongea kwenye redio, sauti kavu kabisa, isiyo na ulevi: "Mzigo huu ni mzito kuliko mlivyoniambia. Naushusha." Msimamizi akamjibu, "Usishushe. Lori linangoja." Kisha ukafuata mlio wa chuma na mayowe ya Griffin.

Meneja, Bwana Lenox, alimwita ofisini. "Ulirekodi kazini bila ruhusa. Niletee hiyo rekodi, yaishe. Tunatafuta fundi mkuu, na jina lako limetajwa."

"Nipe muda, bosi."

Nyumbani Nadira alimuuliza, "Ukiitoa rekodi hadharani, sisi tutakula wapi?"

Jumapili Carolyne, mjane wa Griffin, akabisha hodi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Shemeji, wanasema alikuwa mlevi. Mwanangu anaambiwa hivyo shuleni. Wewe ulikuwa naye."

Najib akamvisha hedifoni, akamwekea rekodi hadi kwenye maneno ya msimamizi tu. Carolyne alisikiliza hadi mwisho, akainua uso.

"Umekata."

"Nimekata."

"Niwekee yote."

"Shemeji, hayo si ya kusikilizwa."

"Ni mume wangu. Niwekee."

Akamwekea. Najib alikaa akitazama mkeka mpaka Carolyne alipovua hedifoni, akazifuta machozi yaliyozilowesha kwa ncha ya leso, taratibu, kama kitu cha watu.

"Naomba nakala," alisema.

Najib akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni.

"Mpe," Nadira akasema.

Kwa nakala hiyo Carolyne akaishtaki yadi; wiki hiyohiyo Najib alifutwa kazi, na kila yadi aliyobisha hodi ilishapata habari zake. Mahakamani wakili wa kampuni hakuhangaika sana na maneno ya Griffin. Alimgeukia Najib kwa upole.

"Bwana, kazi yako ya pili ni ipi?"

"Kutengeneza filamu."

"Yaani kukata sauti na kuziunga?"

"Ndiyo, lakini hii..."

"Na rekodi hii uliwahi kuikata?"

Najib alimtafuta Carolyne kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Niliikata," alisema. "Kwa kumhurumia mjane."

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Carolyne akachoka, akarudi Bungoma na mwanawe. Najib sasa ni mtu wa kamera kutwa, kwenye harusi za mtaa wa Ziwa la Ng'ombe na mahafali, kama alivyotamani miaka yote. Nadira ndiye humtafutia wateja. Yeye mwenyewe hashiki simu, isije ikawa ya kutoka Bungoma.