Jino la Papa Aliyemla Twalha

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Bi Mwanvita aligonga mlango wa mkwewe mara mbili kwa pete yake ya fedha. Hakuita wala hakusalimu. Sihaba naye hakuuliza ni nani. Alijifunga kanga, akapapasa ndala kwa vidole vya miguu, akatoka. Ilikuwa safari ya kijinga, na wote mtaani walijua ni ya kijinga, lakini nani angemwambia mama mzazi maneno kama hayo?

Walikwenda ufukweni kumtafuta Twalha, mwana wa mmoja, mume wa mwingine. Twalha aliondoka na boti iliyobeba mananasi ya Kiwangwa kwenda Unguja. Boti ikapinduka, wenzake wakaokolewa wakiwa wamekumbatia madumu, yeye hakuonekana. Mananasi ndiyo yaliyorudi. Maji yaliyasukuma mpaka pwani ya Bagamoyo, watu wakayaokota, wakayamenya, na wengine hawakuona haya kusema yamekolea chumvi vizuri. Tangu hapo Sihaba hakutia nanasi mdomoni.

Masika yalikuja, yakapita, yakaja tena. Bi Mwanvita alikuwa na neno lake moja. "Angekuwa amekufa, ningeletewa hata shati lake. Mpaka nione kitu, mwanangu yuko hai." Shehe Mbaruku wa msikiti wa mtaani alikuja siku moja, akakaa barazani, akaeleza kwa upole kwamba wao wawili wakiridhia kuwa Twalha ni marehemu, ataswaliwa, hitma itasomwa, na Sihaba atakaa eda yake. Bi Mwanvita akamjazia kikombe cha kahawa na kumuuliza habari za wajukuu zake. Shehe alielewa, akanywa, akaenda zake.

Kilichomchosha Sihaba si kutembea mchangani. Kilichomchosha ni kunyimwa kulia. Alikutwa jikoni akifuta machozi, Bi Mwanvita akamjia juu: "Unamlilia mtu aliye hai? Unamchuria mwanangu?" Basi akawa analia akikata vitunguu, na nyumba ile ikala vitunguu kuliko nyumba yoyote mtaani. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Ndugu zake wa Miono walipopiga simu kumjulia hali, aliwajibu kwamba amechoka, nao wakamshauri akapime malaria.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, walikuta bahari imeumega ukingo wa udongo nyuma ya soko la samaki. Sihaba alikanyaga kitu kigumu, akakiokota. Kilikuwa cheusi, kizito, cha pembe tatu, kimejaa kiganja, na kingo zake zilikwaruza kama msumeno. Alitaka kukitupa.

"Lete," alisema Bi Mwanvita.

Akakigeuza, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Jino la papa," alisema. "Huyu ndiye aliyemla mwanangu."

Akakaa palepale kwenye mchanga uliolowa, akalia. Sihaba akapiga magoti kando yake, naye akalia kwa sauti, mpaka wapara samaki wakaweka visu chini. Ni aibu kusema, lakini moyoni mwake mlikuwa na raha. Alikuwa amesahau kwamba kulia kuna utamu.

Siku hiyohiyo Shehe Mbaruku aliarifiwa, hitma ikapangwa Ijumaa, na eda ianze hapo. Jirani alileta shuka nyeupe za eda, Bi Mwanvita akazifungia sandukuni mwake. Wageni wakaanza kumiminika kutoa pole. Sihaba aliwapikia na kuwaoshea vyombo, na kwa mara ya kwanza mgongo ulimuuma kwa kazi yenye maana.

Lakini Bi Mwanvita hakutulia. Kila aliyekuja aliwekewa jino kiganjani. "Shika. Pitisha kidole. Mtu akiumwa na hili, anahisi vipi?" Wageni walishusha macho wakasema Mola amrehemu. Hilo silo alilouliza, na alimgeukia anayefuata. Aliacha kula. Hakulala. Kutoka upande wa pili wa ukuta Sihaba alimsikia akijiuliza mwenyewe: "Mguu kwanza, au mkono?" Zamani mama huyu alimwazia mwanawe yuko Mafia au Ngazija, amekosa nauli tu. Sasa alikuwa naye mdomoni mwa papa, usiku na mchana, na jino lenyewe halikumtoka mkononi.

Masoud alikuja kutoa pole kama wengine. Alikuwa binamu wa Twalha, kazi yake kutembeza wageni kwenye magofu ya Kaole, na alilipiga lile jino picha kwa simu. Alhamisi adhuhuri alirudi, akamkuta Sihaba uani akikuna nazi.

"Shemeji, ile picha nilimtumia mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mtu wa mifupa ya kale. Ni jino la papa kweli. Ila huyo papa amekufa mamilioni ya miaka huko nyuma. Wa aina yake hawapo tena duniani. Hilo limeshakuwa jiwe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hajamla mtu. Hata watu walikuwa hawajaumbwa." Alitazama mlango wa Bi Mwanvita, akashusha sauti. "Mimi nimekwambia wewe. Kumwambia yeye, shauri yako." Akaondoka upesi, mtu mwema na mwoga, kama wanaume wote wa ukoo ule.

Sihaba aliendelea kukuna nazi. Kesho tu. Anyamaze mpaka kesho, hitma isomwe, avae nyeupe, akae chini, alie mpaka achoke kulia. Akisema, mlango utagongwa tena alfajiri, na alfajiri ya pili, na zote zitakazofuata. Hakuwa amedanganya. Yeye aliokota tu. Nani angemlaumu?

Sauti ya Bi Mwanvita ikapenya dirishani. Alikuwa akizungumza na jirani aliyekuwa anaaga.

"Alipoumwa, unadhani aliniita? Aliita mama?"

Sihaba akaweka kifuu chini. Alisubiri jirani atoke, akanawa mikono, akaingia, akakaa mkekani.

"Mama, Twalha hakuliwa."

Akamweleza yote. Bi Mwanvita alisikiliza bila kupepesa macho.

"Jiwe?"

"Jiwe, mama. Toka kabla ya Nabii Adamu."

"Basi mwanangu hakuumwa na kitu."

"Hakuumwa na kitu, mama."

Uso wa yule mama ukafunguka. Alisema Alhamdulillahi, akarudia, na tena, akaomba uji, akanywa bakuli zima. Kisha akajilaza hapohapo mkekani akalala, jino limemdondoka kando. Sihaba alilitoa miguuni pa watu, akalitumia kuzuia mlango wa uani usijipige na upepo. Alipoliosha lile bakuli alijua alichokifanya. Hakuliwa, kwa kinywa cha Bi Mwanvita, maana yake yuko hai. Jioni watu walikuja kuuliza kama turubai la hitma lifungwe, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Ijumaa alfajiri mlango uligongwa mara mbili kwa pete ya fedha.

Sihaba alikaa kitandani, miguu mizito. Alifikiri kutofungua. Alifikiri kupanda gari la Miono asubuhi ileile na asirudi. Mwishowe akajifunga kanga, akapapasa ndala, akafungua.

Bi Mwanvita alikuwa pekupeku. Mkononi alishika beseni la maji ya uvuguvugu, na begani zilikuwa zile shuka nyeupe.

"Vua ndala," alisema.

"Hatuendi, mama?"

"Twende wapi?" Aliweka beseni chini, akajishika kiuno. "Usiku nilipoamka nilisema, maadamu hakuliwa, nimrudishe. Nikamwazia anaingia mlangoni na mfuko wake, kama nilivyozoea. Hakuingia. Siku hizi zote za kumlilia, kumbe nilikuwa namzika, Sihaba. Kumfufua sikuweza. Nimejaribu mpaka nimechoka." Akazishusha shuka begani. "Alizama tu. Maji yalimlaza."

Akamwekea shuka mikononi.

"Oga, uvae. Halafu ulie. Ulie kwa nguvu, hata shehe akinuna. Majirani wasikie, wasije wakasema mwanangu hakuwa na mke."

Sihaba alizikumbatia zile shuka. Akafungua kinywa alie, na hakuna kilichotoka. Macho yalikuwa makavu, kifua kikavu, mwili mzima ulitaka kulala tu. Alimtazama mkwewe kwa aibu.

"Siwezi, mama. Nimechoka."

Bi Mwanvita akamkalisha kitandani, akakaa kando yake, akamvuta kichwa akakilaza begani pake.

"Basi pumzika," alisema. "Naanza mimi."